Sombe ya Mama Zaina

Siku hizi sombe haitwangwi tena mtaani kwetu Bwiza, inasagwa. Unapeleka majani yako ya muhogo kwa mwenye mashine karibu na soko, anayatumbukiza juu, yanatoka chini yamelainika, unalipa, unakwenda zako. Wanawake wa rika langu wanashukuru kwamba mabega yao yamepona. Mimi pia ningeshukuru, ila ile harufu ya majani mabichi yanaposagwa, harufu kali inayoshika kooni, hunifanya nivuke barabara. Mume wangu anadhani sipendi sombe. Naipenda sana. Ninachokikimbia ni aibu, na aibu yenyewe ina umri mkubwa kuliko ndoa yetu.

Mama tulimzika kabla ya mvua hizi kuanza. Alipokuwa hai nisingethubutu kuisema habari hii. Hata sasa naiandika tu, tena taratibu. Kuisema kwa mdomo mbele ya watu siwezi, na mkinivumilia mtaelewa kwa nini.

Tulikaa katika parsele moja, ua mmoja wenye nyumba nne, zote zikitazama bomba moja la maji. Ukuta uliotutenganisha na Mama Furaha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa upande wa pili unamwambia pole. Mama Furaha alikuwa amevuka mpaka kutoka Uvira na watoto wake watatu, akawa anatembeza vitenge mitaani. Furaha, binti yake wa kwanza, alisoma darasa moja na mimi. Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Gereji aliyofanyia kazi ilipofungwa, alikwenda bandarini akapanda boti ya mizigo hadi Kigoma kutafuta kazi, akatuahidi kwamba atatuma kitu. Tukabaki watatu: mama, mdogo wangu Hamisi, na mimi Zaina.

Mama alikuwa mtoto wa watu wa mjini, Waswahili wa zamani wa Bujumbura. Nyumbani kwao, Ramadhani ikiingia, sinia zilikuwa zinatoka mlangoni kwenda kwa majirani hata kabla wenye nyumba hawajakaa kufuturu. Babu alijulikana kwa kutoa. Mama hakurithi nyumba wala duka, alirithi kinu cha mama yake na sifa hiyo tu, na sifa aliibeba kwa uangalifu kama mtu aliyetumwa mayai.

Na sombe haina siri. Wali unaweza kuupika kimyakimya ukaula na wanao, hakuna atakayejua. Sombe lazima uitwange, na mchi ukishaanza kushuka kinuni parsele nzima inajua nyumba fulani leo kuna mboga. Kwa hiyo ukitwanga, jirani wa ukuta anapata sahani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini Waislamu na Wakristo wote waliifuata, na mtu asiyeifuata alisemwa.

Mama alitwanga kila jioni. Kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa anafunga mlango, akidai kwamba upepo unamletea vumbi machoni, anavuta kinu katikati ya chumba, anakaza kanga kiunoni na kuanza. Mle kinuni hamkuwa na majani ya muhogo. Mlikuwa na maganda ya ndizi aliyoyaokota sokoni, akiwaambia watu kwamba kuna mbuzi wa shemeji yake anayelishwa hayo, pamoja na maji kidogo. Alitwanga mpaka jasho likamtiririka shingoni. Kisha tulikula ugali wetu kwa chumvi, siku nyingine uji, na baada ya hapo alitutoa mimi na Hamisi tukanawe mikono bombani, taratibu, kama watu walioshika mafuta ya mawese. Giza likiingia, maganda yalikwenda mtaroni.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anatwanga maganda.

"Kinu kikikaa kikavu kinapasuka," akasema. "Hiki ni cha bibi yako. We unataka kipasuke?"

Sikutaka. Niliamini kabisa. Ilinipendeza hata, kwamba mama yangu, pamoja na uchovu wote ule, bado anakitunza kinu cha mama yake. Wakati mwingine nilimsaidia, nikapiga mchi huku nikimhurumia yule bibi marehemu na kinu chake. Mtoto akipewa sababu na mama yake haulizi mara ya pili. Njaa niliijua, ilikuwa tumboni mwangu. Lakini kwamba njaa inaweza kuwa aibu, tena aibu ya kufungiwa mlango, hilo sikulijua.

Basi shule yetu na sentre ya vijana ya mtaani zikaandaa mchana mmoja wa watu kusimulia mambo ya kweli ya maisha yao. Wanafunzi wangesimulia, na watu wazima wa mtaa pia, yeyote anayetaka. Mwandaaji alikuwa Dezire, kijana mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, aliyepita nyumba hadi nyumba akiwaalika watu. Alipofika kwetu alimkuta mama anafua.

"Mama Zaina, na we njoo utuambie kitu. Mficha uchi hazai, unajua."

"Mimi nimeshazaa," mama akamjibu, akiendelea kukamua nguo. "Mambo ya nyumba hayasemwi ku mikro, Dezire. Siri ya mtungi aijuae kata."

Dezire akacheka, akaenda kwa Mama Furaha, ambaye alikubali mara moja. Kwao kanisani watu husimama kila Jumapili wakatoa ushuhuda, kwa hiyo kusema mbele ya watu hakukumtisha. Mama naye alikuja, si kwa sababu ya Dezire, ila kwa sababu mwalimu alikuwa amenichagua mimi. Ningesimulia nilivyopotea Kajaga ufukweni sikukuu ya Idi, nikaokotwa na wavuvi. Nilikuwa nimekariri kisa changu mpaka Hamisi akakijua.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki havikutosha, watu wakakaa madirishani. Sisi wanafunzi tuliokuwa na visa tulipangwa kwenye benchi la mbele. Mama alikaa safu ya tatu na Hamisi mapajani, amevaa mtandio wake wa sherehe, na kila nilipogeuka alinipa ishara nikae vizuri. Mvulana mmoja alisimulia kuhusu bibi yake. Mwendesha baiskeli ya abiria alisimulia alivyoanguka mtaroni na bibi harusi, na tulicheka mpaka machozi. Halafu akaitwa Mama Furaha, na jina langu likatajwa kwamba nitamfuata.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mi nilifika hapa na watoto tatu na begi moja," akaanza. "Kuna siku hatukuwa na kitu, kitu kabisa. Na kila magaribi nasikia jirani yangu wa ukuta anatwanga sombe. Kila siku. Pu, pu, pu. Furaha ananiuliza, mama, leo batatuletea? Namuambia, ngoja, mwanangu, sahani itakuja. Kwetu Uvira mutu akitwanga, jirani anaonja. Nikangoja. Nilikuwaka naosha sahani yangu kabisa, niiweke karibu na mulango, ili akileta nimurudishie hapohapo. Sahani haikuja hata siku moja."

Nilihisi vichwa vikigeuka nyuma yangu. Bwiza ni Bwiza, hakukuwa na mtu asiyejua ukuta wa Mama Furaha unapakana na nani.

"Nikamuchukia ule mama. Mungu aniurumie, nilimuchukia. Kila nikisikia mchi, ni kama ananitwanga miye. Tunaamkiana bombani, mi nacheka naye, na ndani ya roho namuita muchoyo. Leo nimechoka kubeba hiyo kitu. Yuko hapa, simutaji jina. Jirani, mi nimekusamehe. Mbele ya bote, nimekusamehe."

Watu wengine wakasema amina. Mwanamke mmoja nyuma yetu aliguna, ule mguno wa mtu aliyekuwa anashuku kitu siku nyingi na sasa amepata uhakika.

Nikamwona mama anasimama. Alimweka Hamisi chini kwanza, akanyoosha mtandio. 

"Ni kweli, Mama Furaha. Ni mimi. Choyo kilinishika, sina neno lingine. Unisamehe, na watoto wako wanisamehe."

Akakaa.

Sijawahi kukasirika katika maisha yangu kama nilivyokasirika dakika ile. Mama yangu mchoyo? Mama yangu, anayekoroga uji akanipa mimi na Hamisi ile sehemu nzito? Na kwa nini anakubali, tena kwa adabu, jambo ambalo si la kweli? Nilidhani anaogopa. Nilidhani ni yale maneno yake ya kwamba mambo ya nyumba hayasemwi, basi anaona heri atukanwe kuliko kusema kitu kidogo tu cha kuwaelewesha watu. Na mimi nilikuwa na kitu hicho. Tena zamu ilikuwa yangu.

Dezire akanipa kipaza sauti. "Zaina atatupeleka Kajaga!" akasema, akijaribu kuchangamsha watu.

"Apana," nikasema. "Mama yangu si muchoyo. Ile haikuwa sombe."

Nikaeleza yote. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwalimu alivyotufundisha, nikitazama watu na si miguu yangu. Kwamba ni maganda ya ndizi. Kwamba hakuna mbuzi. Kwamba kinu ni cha bibi na kikikaa kikavu kinapasuka, ndiyo maana mama anakitwanga kila siku. Kwamba sombe hatujala tangu baba aende Kigoma, sisi ni bugali na chumvi tu, na siku nyingine uji, na siku nyingine maji ya moto yenye sukari kidogo. "Mama angekupa nini, Mama Furaha? Maganda?" nikamwuliza, na nikakumbuka kutabasamu, kwa sababu mwalimu alisema tumalize kwa tabasamu.

Watu wazima wote mle ndani walikuwa wameelewa mara ya kwanza niliposema maganda. Aliyebaki hajaelewa ni mimi, niliyekuwa na kipaza sauti. Mama Furaha alikuwa amesimama kando ya benchi letu, mkono mdomoni. Furaha alikuwa anatazama sakafu. Na Dezire, maskini, ambaye hakujua afanye nini, akainua mikono juu ya kichwa na kusema, "Tumpigie makofi mtoto huyu!"

Wakapiga. Ukumbi mzima ulinipigia makofi, wengine wakifuta macho, na mimi nikainama kidogo kama msanii. Nilijua nimeshinda. Nimemtetea mama, watu wamesikia, jina limesafishwa. Nikamtafuta kwa macho ili anione. Alikuwa amevuta mtandio ukafunika uso wote, amekaa vile, na Hamisi anauvuta pembeni akimwita mama, mama, akidhani ni mchezo. Ninapokumbuka yale makofi mpaka leo masikio yangu yanawaka moto.

Hatukusubiri soda za mwisho wa shughuli. Tulitembea hadi nyumbani tukipita nyuma ya maduka, njia ambayo hatukuizoea. Mama hakunipiga, hakuniinulia sauti. Alinivua gauni la sherehe, akalikunja, kisha akakaa kitandani.

"Ungewaacha waniite muchoyo," akasema.

"Lakini si kweli, mama."

"Najua si kweli. Muchoyo akitoa siku moja tu, jina linamutoka, watu wanasahau. Lakini mutu akishahurumiwa na mutaa mzima, mwanangu, atavaa nini afunike?"

Sikuelewa vizuri, lakini nilielewa kidogo, na hicho kidogo kilitosha. Maganda. Mlango uliofungwa. Kunawa mikono bombani. Nilianza kulia, naye hakunikataza wala hakunibembeleza. Jioni ile mchi wetu haukusikika. Kwa mara ya kwanza parsele nzima ilisikia kwamba kwetu hakuna kitu.

Halafu sahani zikaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Furaha mwenyewe, na bakuli la sombe ya kweli, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alilia mlangoni. "Mi sikujua, Mama Zaina. Mungu wangu, mi sikujua." Mama alipokea bakuli, akasema, "Ungejuaje?" na akafunga mlango kwa upole. Baadaye wakaja wa nyumba ya tatu na maharage. Wakaja wa nyumba ya nne na wali. Wakaja watu wa parsele nyingine kabisa, watu tuliokuwa tunapungiana mikono tu, na mboga ya lenga-lenga, na visamaki vya ndagala vya kukaanga, na mkate. Wote walisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya msibani. Hamisi na mimi tulishiba. Ndiyo, tulishiba, na shibe ile nilikuwa naionea haya hata nikiwa nameza. Mama alichukua vijiko viwili vitatu vya kutuonyesha kwamba anakula.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Umeletewa wali, unarudisha sahani na chochote, hata maembe mawili, hata chumvi. Mama hakuwa na chochote. Kwa hiyo alivisugua vyombo vya watu kwa majivu mpaka vikang'aa na kuvipanga juu ya kabati, na kabati likajaa. Wenyewe walivihitaji, najua walivihitaji, Bwiza hakuna mtu mwenye bakuli za kuacha ovyo. Lakini nani angekuja kugonga na kumdai Mama Zaina bakuli? Basi wakala kwa zamu majumbani mwao, na sisi tukalala tukitazamwa na mabakuli ya watu. Mama akawa anachota maji alfajiri kabla mtu hajatoka. Mimi na Furaha shuleni tulikaa benchi moja bila kuzungumza. Kila mmoja wetu alikuwa na haya zake, na hatukujua nani aanze.

Ndipo mtu mmoja wa bandarini akaja kutuulizia. Baba alikuwa amepata kazi, na ametuma kwa boti kifuko cha mchele, dumu la mawese na fungu la samaki wakavu, migebuka. Hamisi alikikumbatia kile kifuko akakataa kukiachia. Mimi nilikuwa ninahesabu kichwani mchana huu, kesho, keshokutwa, mpaka nikachoka kwa furaha.

Mama alivitazama vile vitu muda mrefu. Kisha akaazima sufuria kubwa ya msikitini akapika vyote. Alipika mlango ukiwa wazi, moshi ukitoka uani, na migebuka ikinukia mpaka barabarani. Hamisi alikaa karibu na moto tangu mwanzo. Wali ulipoiva, mama akateremsha mabakuli yote kutoka kabatini, akayapanga chini na kuanza kupakua, bakuli kwa bakuli, kwa mkono wa watu wa kwao: wa kujaza mpaka juu, halafu kipande cha samaki, halafu mchuzi. Niliona sufuria inavyoshuka. Niliona ukoko. Alipojaza bakuli la mwisho akakwangua ukoko wote, akampa Hamisi kwenye kifuniko.

"Peleka," akaniambia. "Sema mama anasema asante. Usiongeze neno hata moja."

Nikapeleka. Kila mlango nilisema mama anasema asante. Watu walifunua, wakashangaa, wakanitazama usoni kutafuta habari nyingine, na mimi nilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Nilikuwa na njaa, na mikono yangu ilinukia mchuzi.

Wa mwisho alikuwa Mama Furaha. Nilimkuta ameketi mlangoni anakunja vitenge vyake. Nikampa bakuli lake kwa mikono miwili. Akafunua kitambaa, akatazama wali ule uliojaa, akatazama nyuma yangu kwenye mlango wetu uliokuwa wazi, ambako sufuria kubwa ilikuwa imeshageuzwa chini. Akanivuta karibu, akashusha sauti.

"Zaina, uniambie ukweli, mwanangu. Na nyinyi mumejibakishia?"

Nilimtazama machoni.

"Ndiyo, Mama Furaha," nikasema. "Iko mingi. Tumeshiba."

Alikaa ameshika bakuli, akinitazama, na nilijua kwamba anajua. Kisha akalifunika tena, akasema, "Umuambie mama yako chakula yake ni tamu," akaingia nalo ndani.